Mapigo ya Katikati

Mwaka 1984, mjini Budapest, wapigaji ngoma vijana wa Hungaria waliunda kundi la watu wanne wakaliita Amadinda. Jina hilo si la Kihungaria. Ni la marimba ya Baganda wa Uganda, yenye vibao 12 vinavyolazwa juu ya vigogo vya mgomba, marimba ambayo kwa vizazi vingi ilisikika katika ua wa Kabaka, mfalme wao. Watunzi wakubwa wa zama zetu wakalifuata kundi hilo mmoja baada ya mwingine. John Cage, Mmarekani aliyeuingiza ukimya ndani ya muziki na kuwalazimisha watu wausikilize, aliwatungia kazi yake iitwayo Four4 mwaka 1991, mwaka mmoja kabla ya kifo chake. György Ligeti aliwatungia nyimbo saba mwaka 2000. Steve Reich alipotunga Mallet Quartet, wao ndio waliokuwa wa kwanza kuipiga mbele ya watu, hapohapo Budapest, Desemba 2009.

Habari hizo zilinikaa moyoni kwa muda mrefu. Nilitaka kuuona mji ambao muziki wa wavunja kanuni wa Ulaya na Marekani umekaa chini ya jina la ala yetu. Zaidi ya hapo, nilitaka kusikia jinsi wanamuziki wa leo wanavyowaenzi waliowatangulia, kwa sababu kuenzi kwenyewe ni jambo linalotusumbua hata sisi huku kwetu. Tunapenda sana kuwaenzi wazee wa muziki kwa kurudia nyimbo zao vilevile, neno kwa neno, na nimewahi kutoka katika maonyesho ya namna hiyo nikiwa na huzuni nisiyoweza kuieleza. Basi nikaweka akiba, nikahangaikia viza, nikaondoka.

Msomaji hataelewa nilichokifuata bila kujua amadinda inavyopigwa. Mimi nilifundishwa Kampala, na mzee mmoja aliyekuwa na subira nyingi. Marimba ni moja, wapigaji ni watatu. Wa kwanza huitwa omunazi. Yeye ndiye anayeanza, mikono miwili ikipiga noti ileile juu na chini, kwa mapigo yaliyo sawa kabisa. Wa pili, omwawuzi, ameketi upande wa pili wa vibao hivyohivyo, na kila pigo lake linaangukia katikati ya mapigo mawili ya mwenzake. Hana ardhi ya kukanyaga isipokuwa ile nafasi aliyoachiwa. Kasi ikipanda, kinachosikika si sauti ya omunazi wala ya omwawuzi. Sikio linazikusanya noti za chini peke yake na za juu peke yake, na kutokana nazo linasuka tuni ambazo hakuna mkono hata mmoja uliozipiga. Ndipo anapoingia wa tatu, omukoonezi. Yeye husikiliza noti zinazoangukia vibao viwili vya sauti nzito zaidi, akazirudia juu kabisa kwenye vile vibao viwili vidogo, ili na wengine wazisikie.

"Mwanangu, usimwige omunazi," mzee wangu alikuwa akiniambia kila mkono wangu ulipovutwa kwenye pigo la mwenzangu. "Ukimwiga mtagongana. Ukimkimbia, hakuna wimbo. Mwachie pake, wewe ingia pako."

Nilikwenda Hungaria nikiwa na maneno hayo, na kila nilichokisikia huko nilikipima kwayo.

*

Uwanja wa ndege wa Budapest una jina la Liszt Ferenc, mpiga piano na mtunzi wa karne ya 19. Wahungaria hutanguliza jina la ukoo, ndiyo maana wao husema Bartók Béla, Ligeti György, Kurtág György. Basi namba 100E liliniteremsha Deák tér, katikati ya mji. Ilikuwa Novemba, saa kumi jioni giza limeshaanza kuingia, na upepo kutoka mto Danube ulipita ndani ya koti langu kana kwamba halikuwapo. Mji wenyewe ni mzuri na kila mwongozo wa watalii umeusifu, kwa hiyo sitaurudia. Nitasema tu kwamba tramu namba 2, inayokwenda kandokando ya mto upande wa Pest, ilikuwa starehe yangu ya kila jioni.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa Chuo cha Muziki cha Liszt. Jengo lake lilifunguliwa mwaka 1907, na mbele yake kuna uwanja wenye miti na mikahawa. Nilisimama mlangoni kwa sababu ya jambo lililotokea hapo Septemba 1945. Vita vilikuwa vimekwisha miezi michache tu. Vijana wawili, wote Wayahudi wenye lugha ya Kihungaria waliozaliwa upande wa Romania, walikuja kufanya mtihani wa kuingia chuoni. Mmoja alikuwa Ligeti, mwenye umri wa miaka 22. Baba yake na mdogo wake wa kiume walikuwa wamekufa katika kambi za Wanazi, na mama yake alinusurika Auschwitz. Wa pili alikuwa Kurtág, miaka 19. Wote wawili walikuwa na tumaini moja: mtunzi Bartók angerudi kutoka Marekani, nao wangekuwa wanafunzi wake. Bendera nyeusi ikapandishwa juu ya chuo. Bartók alikuwa amefariki New York tarehe 26 Septemba.

Urafiki wao ulianza siku hizo na ulidumu hadi Ligeti alipofariki Vienna mwaka 2006. Nafikiri mtu hawezi kuuelewa muziki wa heshima wa Hungaria bila kuiona ile bendera. Watu hawa hawakupata kukaa miguuni pa mwalimu waliyemtaka. Walibaki na noti zake, na nafasi tupu.

Kisha nafasi ikazidi kuwa tupu. Chini ya utawala wa kikomunisti, muziki wa wavunja kanuni kama Schoenberg na Webern haukupigwa kumbini, na wa Bartók wenyewe ulichujwa, ule mkali ukafichwa. Ligeti alifundisha hapohapo chuoni huku akitunga vitu vya kuweka kwenye droo. Novemba 1956, vifaru vya Kisovyeti vikiwa mitaani kuzima uasi wa wananchi na watu wamejificha vyumba vya chini, yeye alibaki kwenye redio akisikiliza kituo cha Ujerumani Magharibi kilichokuwa kikirusha Gesang der Jünglinge ya Karlheinz Stockhausen, kazi ya sauti ya mtoto na mashine za umeme. Mwezi uliofuata yeye na Vera, mtalaka wake, walitoroka nchi, sehemu ya safari wakiwa ndani ya treni ya posta, chini ya magunia ya barua.

Kurtág alibaki, lakini mwaka 1957 alipata ruhusa ya kwenda kusoma Paris. Huko alihudhuria madarasa ya watunzi Messiaen na Milhaud. Alikuwa mgonjwa wa roho, hawezi kutunga. Kilichonigusa kuliko vyote katika habari zake ni kwamba alikaa akinakili kazi za Anton Webern kwa mkono wake mwenyewe, noti baada ya noti. Webern, Mwaustria, alikuwa ameuawa Septemba 1945 kwa risasi ya askari wa Kimarekani, vita vikiwa vimekwisha. Kazi zake zilizopewa namba ni 31 tu, nyingi fupi mno, lakini kizazi kizima cha watunzi wa Ulaya kiliziona kuwa ni mlango. Kurtág aliporudi nyumbani alitunga kwateti ya nyuzi na kuipa namba 1, kana kwamba yote ya nyuma hayakuwapo.

*

Hatua chache kutoka Soko Kuu la Fővám tér, katika mtaa mwembamba uitwao Mátyás utca, kuna Budapest Music Center. Ilifunguliwa mwaka 2013 ndani ya jengo la zamani lililokarabatiwa: ukumbi wa muziki, maktaba, klabu ya jazi, na vyumba vya kuishi. Kurtág na mkewe Márta, aliyekuwa mpiga piano na sikio lake la kwanza katika kila kazi, walihamia humo baada ya kuishi miaka mingi nje. Márta alifariki 2019. Kuna watunzi ambao ukitaja nyumba zao unataja makumbusho. Hapa mtunzi aliishi ghorofani huku vijana wakifanya mazoezi ya kazi zake chini yake.

Nilikwenda kusikiliza kwateti ya vijana wakipiga kazi ya Kurtág iitwayo Officium breve in memoriam Andreae Szervánszky, iliyomalizika mwaka 1989. Fidla mbili, viola na chelo. Ina sehemu 15, na zote kwa pamoja huchukua kama dakika 12 tu. Szervánszky alikuwa mtunzi wa Hungaria aliyefariki 1977. Wakati wa vita aliwasaidia Wayahudi walionyemelewa na kifo, na mwaka 1959, wakati ambapo jambo hilo lilihitaji ujasiri, alitunga vipande vya okestra vilivyouleta mtindo wa Webern hadharani nchini mwake. Kwa hiyo kazi hii inamkumbuka mtu aliyemkumbuka mtu mwingine. Ndani yake Kurtág ameweka mambo mawili yasiyo yake. Moja ni kanoni ya Webern kutoka kazi yake ya mwisho, Kantata ya Pili, iliyoandikwa kwa waimbaji na okestra na hapa imehamishiwa kwenye nyuzi nne. La pili ni wimbo mtamu kutoka Serenade ya Szervánszky, wenye sauti za kawaida kabisa ambazo sikio lolote lingezipokea.

Katikati ya hayo mawili ndipo alipokaa Kurtág mwenyewe. Sehemu nyingine ni pumzi mbili tatu tu. Fidla inauliza jambo, chelo inaanza kujibu, wanakatika. Nyingine ni ghadhabu tupu, upinde unagandamizwa hadi unakwaruza. Kila moja imebeba kidogo cha Webern au kidogo cha Szervánszky, lakini imegeuzwa, imekatwa, imeingia mahali ambapo wao hawakuingia. Vijana wale waliipiga bila kutazamana sana. Walisikilizana. Mpiga viola, binti mwenye nywele fupi, alikuwa anavuta pumzi kabla ya kila sehemu kwa namna iliyowaambia wenzake kasi itakuwa ipi, na hakuna ishara nyingine iliyohitajika.

Mwisho kabisa ndipo unapoingia ule wimbo wa Szervánszky. Baada ya mikwaruzo na vinong'ono vyote, unakuja mweupe, kama ulivyoandikwa. Halafu, sentensi yake ikiwa haijakamilika, unakatika. Kurtág angeweza kuumalizia. Noti zilikuwapo. Aliziacha, na nilielewa kwa nini mzee wangu wa Kampala alinipiga vidole kwa kijiti kila nilipotaka kulijaza pigo ambalo si langu.

Jioni ileile ilipigwa pia Hommage à R. Sch. ya mwaka 1990, ya klarineti, viola na piano, yenye kumwenzi Robert Schumann. Schumann si mtu wa kuitwa mvunja kanuni siku hizi, lakini katika zama zake alikuwa hivyo. Mpiga klarineti ameketi na ngoma kubwa kando yake muda wote, haigusi. Ngoma hiyo inapigwa mara moja tu, mwishoni kabisa, polepole. Jirani yangu, mama wa makamo aliyekuja na mfuko wake wa sokoni, alishika mkono wangu bila kujua. Aliponiangalia aliona haya, nami nikamtikisia kichwa kwamba hakuna neno.

*

Asubuhi moja nilipanda vilima vya Buda hadi nyumba ya Bartók, mtaa wa Csalán, alikoishi kuanzia 1932 hadi alipoihama Ulaya mwaka 1940. Ni nyumba tulivu yenye samani za mbao zilizochongwa kwa mikono ya wakulima wa Transylvania. Bartók alizunguka vijijini na mashine ya Edison ya kunasia sauti kwenye mitungi ya nta. Mwaka 1913 alivuka hadi Afrika, akafika Biskra nchini Algeria, akakusanya nyimbo za Waarabu wa huko. Halafu alirudi akatunga muziki ambao huwezi kuonyesha ni wimbo gani wa kijiji gani umechukuliwa, ila kijiji kimo. Kwa maoni yangu yeye ndiye aliyewaonyesha Ligeti na Kurtág njia, ingawa hakupata kuwafundisha hata saa moja. Hakuwa na haja ya kunakili wimbo wa mkulima ili kumheshimu. Alijifunza jinsi wimbo unavyozaliwa, kisha akazalisha wake.

Usiku niliousubiri ulikuwa wa ngoma. Sio kundi la Amadinda lenyewe nililolisikia. Lilikuwa kundi la vijana wanne, wa kizazi kilichokulia kwenye rekodi za Amadinda, katika ukumbi mdogo uliojaa hadi watu wakakaa kwenye ngazi. Programu nzima ilikuwa ya kuwaenzi watangulizi.

Walianza na Third Construction ya Cage, ya mwaka 1941. Ina sehemu 24, kila moja ya bari 24, na kila mpigaji ana makopo matano ya bati yaliyopangwa kwa ukubwa. Kuna taya la punda, kuna gamba la baharini linalopulizwa kama baragumu, kuna ngoma yenye kamba inayovutwa ikanguruma kama simba. Mtu wa pwani angesikia gamba lile akageuza kichwa. Cage alikuwa na umri wa miaka 28 alipoitunga, na alitaka kuthibitisha kwamba muda, siyo tuni, ndio nguzo ya muziki. Vijana waliipiga kwa furaha isiyojificha, na ule ukali wa hesabu zake ukawa ngoma ya watu wazima waliokumbuka utoto.

Kisha Mallet Quartet: vibrafoni mbili na marimba mbili kubwa za oktava tano. Reich alikwenda Ghana mwaka 1970 kujifunza ngoma, na aliporudi aliwaambia watunzi wenzake wa Magharibi waziwazi kwamba kunakili sauti ya Afrika ndiyo njia isiyovutia kabisa; wajifunze jinsi muziki huo unavyojengwa. Katika kazi hii marimba zinafumana, moja ikijaza nafasi ya nyingine, na juu yake vibrafoni zinafuatana kwa wimbo uleule, ya pili ikiwa nyuma kidogo ya ya kwanza. Nilifunga macho. Nilisikia tuni iliyokuwa haipigwi na yeyote kati ya wale wanne, imekaa hewani kati ya marimba mbili, na mwili wangu uliitambua kabla akili haijasema neno.

Baada ya mapumziko akaja mwimbaji wa kike, nao wakapiga zile nyimbo saba za Ligeti, Síppal, dobbal, nádihegedűvel, kwa maneno ya mshairi Weöres Sándor. Ligeti aliandika mwenyewe kwamba katika miaka ya 1980 muziki wa Afrika kusini mwa Sahara, ukiwamo wa Uganda, ulimfungulia namna mpya ya kufikiri juu ya mapigo. Mwanafunzi wake kutoka Puerto Rico, Roberto Sierra, alimletea rekodi za Banda-Linda wa Jamhuri ya Afrika ya Kati zilizonaswa na Simha Arom. Kabla ya hapo alikuwa amemgundua Conlon Nancarrow, Mmarekani aliyeishi Meksiko akitoboa karatasi za piano za mashine ili zipige mapigo ambayo vidole haviwezi. Vyote hivyo vimo katika nyimbo hizi, pamoja na Bartók, na utoto wake wa Transylvania, huko Romania. Katika wimbo mmoja, Alma álma, wapigaji wote wanne wanaacha ngoma zao wanashika harmonika mdomoni, na sauti inayotoka ni kama usingizi. Mtunzi huyu alikuwa na umri wa miaka 77. Aliwatungia Wahungaria wenzake kwa lugha yake ya utotoni, lugha ya nchi aliyoitoroka chini ya magunia ya barua, na waliompokea walikuwa wanaitwa Amadinda.

Kulikuwa pia na kipande kipya, kilichotungwa na mmoja wa vijana kwa kumwenzi Reich. Kilinichosha. Kilikuwa na marimba za Reich, vibrafoni za Reich, hata mabadiliko ya sauti ya Reich, kila kitu mahali pake. Aliyekitunga alikuwa na mikono mizuri kuliko wote ukumbini, na hilo liliniumiza zaidi. Alikuwa amempenda mwalimu hadi amekaa juu ya pigo lake.

*

Baada ya onyesho watu walibaki kunywa mvinyo na maji ya soda. Nilimfuata kijana mmoja wa kundi, siyo yule mtunzi, nikamwambia kwa Kiingereza kwamba nimetoka Afrika Mashariki na nimewahi kujifunza amadinda. Macho yalimtoka. Aliwaita wenzake. Kwa miaka walikuwa wamelitamka jina hilo, msisitizo ukiwa mwanzoni kama Kihungaria kinavyotaka, lakini hakuna aliyewahi kukutana na mtu aliyekaa mbele ya ala yenyewe.

Nikawaeleza habari za Evalisto Muyinda. Alikuwa mwanamuziki wa ua wa Kabaka, akapiga na kufundisha pia katika Jumba la Makumbusho la Uganda. Karibu na mwaka 1960 Gerhard Kubik, kijana wa Vienna, alikaa mbele yake akafundishwa, na ni Kubik aliyewaandikia wasomi wa Ulaya kuhusu zile tuni ambazo sikio huzisikia na hakuna anayezipiga. Nikawaeleza pia kuhusu tarehe 24 Mei 1966, wanajeshi wa serikali ya Obote walipoushambulia Lubiri, ikulu ya Mengo. Kabaka Mutesa II alikimbilia uhamishoni, wanamuziki wa ua wakatawanyika, na mwaka uliofuata falme zikafutwa. Muyinda aliendelea kufundisha hadi alipofariki mwaka 1993, mwaka uleule ufalme uliporudishwa. Vijana wale wanajua kwa moyo habari za 1956 za nchi yao. Walisikiliza kimya habari za 1966 za Buganda.

Niliwaambia jambo ambalo nililibeba tangu nyumbani. Katika programu za jioni zote nilizosikiliza Budapest kila aliyeenziwa alikuwa na jina lake: Cage, Reich, Ligeti, Schumann, Szervánszky. Wapigaji wa Mengo wameingia katika muziki huu kwa jina la ala, watu wenyewe hawakutajwa. Sikusema kwa kulaumu. Ligeti hakuficha alikojifunza, na waliojiita Amadinda walijiita hivyo kwa heshima. Lakini Muyinda alikuwa mtu, mwenye mikono na wanafunzi, na jina lake lina haki ya kuchapwa kwenye karatasi ya programu kama lilivyo la Webern. Baganda wenyewe walijua kuenzi kwa majina: mojawapo ya nyimbo zinazojulikana sana za amadinda, Ssematimba ne Kikwabanga, inabeba majina ya watu wawili.

Yule kijana akaniuliza kama wanaweza kuipiga. Ikaanza kazi. Shida ya kwanza ni sauti: amadinda hugawanya oktava katika hatua tano zinazokaribia kulingana, na marimba ya kiwandani haina sauti hizo. Itabidi wachonge vibao vyao. Kwetu hutumika mti wa lusambya. Wao wakataja miti ya huko, wakabishana kwa Kihungaria kwa muda mrefu. Vigogo vya mgomba hawana, wakafikiria godoro gumu la sponji. Tuliketi mezani, nikapiga sehemu ya omunazi kwa vidole, na yule mtunzi wa kipande kipya ndiye aliyejaribu kuwa omwawuzi. Kila mara mkono wake ulirudi kwenye pigo langu. Nikamwambia nilichoambiwa mimi. Alijaribu tena, akaniuliza anapaswa kusikiliza nini ikiwa hapaswi kunifuata. Nikamjibu asikilize kimya kilichoko baada ya pigo langu.

Tumeandikiana tangu hapo. Vibao wameshachonga, viwili vilipasuka wakavirudia. Nimewapa anwani ya Makumbusho, Kira Road, Kampala, na mmoja wao anatafuta nauli. Kwa sababu jina la mtunzi wa wimbo wa ua halikuandikwa mahali, walitaka kujua wachape nini kwenye programu. Tumekubaliana kwamba itachapwa kuwa wimbo ulitoka kwenye ua wa Kabaka na ulipokewa kupitia mikono ya Evalisto Muyinda na wenzake. Siku ya onyesho wataupiga mara mbili, mwanzo taratibu, omunazi peke yake, kisha omwawuzi peke yake, ili wasikilizaji waisikie kila sehemu na uchache wake, na baadaye wote watatu kwa kasi yake.